Kijiko cha Kuonja

Ukimwona mtu katoka kwa Esteri na mkanda wake umefungwa kwenye tundu lile lile alilokwenda nalo, ujue mtu huyo ama ni mgonjwa, ama wana ugomvi. Pale Mabamba jambo hilo lilijulikana kuanzia kwa balozi wa nyumba kumi mpaka kwa watoto wa shule. Esteri hakuwa mtu wa kupima chakula. Ugali wake wa muhogo ulikaa mbele ya mgeni kama kichuguu, maharage yakaelea kwenye mawese, na mgeni aliposema "nimeshiba" yeye alisikia "niongeze." Neno lake lilikuwa moja tu: "Kula, usinione haya." Mumewe Venanti, aliyekaa na neno hilo miaka ishirini na mitatu, alikuwa na tumbo la kulitolea ushahidi.

Kulikuwa na desturi moja aliyoifuata kwa haraka haraka ili ipite. Huku, chakula hakiingii kinywani mwa mgeni kabla mwenyeji hajakionja mbele yake. Kijiko kimoja, akimeze, mgeni alione koo likishuka. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu, tule kwa amani. Esteri alikuwa na kijiko cha mti cha kazi hiyo tu, kidogo, kilichotungikwa msumarini pale jikoni. Alionja, akakitungika, kisha upawa ukaanza kazi yake.

Mwaka ule wa tisini na tatu, mwezi wa kumi na moja, watu walianza kuvuka mto wa mpakani kutoka Burundi. Nyumba ya Esteri ndiyo iliyokuwa ya kwanza ukipanda kutoka mtoni. Na mtu wa kwanza kuipanda njia ile alikuwa mwanamume mrefu aliyeegemea fimbo iliyozungushiwa waya wa shaba kichwani. Alisema anaitwa Nkunzimana, kwamba amekaa wiki tatu katika mafunjo akila mizizi mibichi, na kwamba ametangulia kutafuta njia, watu wake wako nyuma. Alisema hayo kwa shida, amekaa chini.

Esteri alipika kama anayepikia harusi. Alionja, akapakua. Nkunzimana alikula sahani ya kwanza yote, kisha akaweka mkono pajani. "Urakoze, asante, mama. Nimeshiba."

"Kula, baba, usinione haya!" Esteri akacheka, akaongeza. Ya pili akaila polepole. Ya tatu aliila huku akimtazama mama mwenye nyumba usoni, kama mtoto anayenyweshwa dawa, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kuudhi mkono uliompokea. Jioni tumbo likamkaza, pumzi zikawa fupi. Jogoo alipowika alikuwa ameshakufa. Wakamzika nyuma ya migomba, na Venanti akaisimamisha ile fimbo nyuma ya mlango wa jiko, huenda akatokea mtu wa kuiulizia.

Siku ya tatu alikuja balozi mwenyewe, mzee Sylvesta, akakaa kwenye kigoda akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Esteri, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Si unawajua watu."

Akaaga. Lakini alipoondoka, kikombe cha chai alichoandaliwa kilibaki juu ya kigoda, kimejaa vilevile, na utando umeshika juu. Esteri alikitazama kikombe kile akaelewa kila kitu. Sylvesta, aliyekuwa akipita pale kila Jumapili baada ya misa akijifanya amekuja kuulizia jembe! Esteri aliingia jikoni akalia. Alijua hakutia kitu katika chungu. Alionja kwa kinywa chake. Basi ni nini kilichomuua yule mtu? Alijiuliza hivyo usiku na mchana, na tangu hapo akawa anapika cha watu wawili tu, mlango ameurudisha.

Siku ya tano wakatokea wengine wawili.

Venanti ndiye aliyewaona kwenye ua, wameshikana, hajui ni yupi anamshika mwenzake. Mmoja alikuwa bibi kizee, Niyonsaba, mfupi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kana kwamba anakwenda kanisani. Wa pili alikuwa mjukuu wake, Ininahazwe, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye magoti yake yalikuwa manene kuliko mapaja. Bibi alisalimu kwanza, "Mwidiwe," kama mtu aliyekuja kutembea tu. Kisha, kabla hajakaa, akauliza.

"Hakupita mtu hapa? Mrefu, ana fimbo. Ni mwanangu, baba wa huyu."

Venanti akatazama chini. Esteri alifungua kinywa, na uongo ukatoka kabla hajautafuta. "Wanapita wengi, bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akamkalisha mjukuu wake mlangoni pa jiko, naye akasimama pale kidogo, mkono ameuegemeza mlangoni, akingoja pumzi zimrudie. Kisha akakaa.

Mle ndani chungu cha maharage kilikuwa kinachemka. Harufu ilipomfikia Ininahazwe, alianza kutambaa. Alielekea mafigani, na Esteri alipomwona hivyo akasahau balozi, akasahau kikombe, akasahau hata hofu yake. Alikiepua chungu kizima akakileta uani. Alichukua kijiko cha mti, akaonja, akatia upawa mpaka chini akautoa umejaa.

Kiganja kikamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa bibi, mwepesi kama kikonyo cha mtama, na Esteri mwenye mikono ya kutwanga hakuweza kuusogeza.

"Hapana, mama. Kiasi ulichoonja wewe, ndicho atakachokula yeye."

"Bibi! Mtoto anakufa na njaa!"

"Ego, ndiyo. Na akishiba leo, kesho atakufa na shibe." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikimbilia huku mwaka wa sabini na mbili. Tulikuwa dada wawili. Watu wema walitupa chungu cha maharage, dada yangu akala mpaka akacheka. Nilimzika siku ya pili yake. Tumbo lililolala siku nyingi haliamshwi kwa kishindo, mama. Unaliita polepole, kwa jina lake, mpaka liitike."

Upawa ulianguka chunguni. Esteri alikaa chini pale pale, kwenye udongo. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama. Sahani ya kwanza, mkono pajani. Sahani ya pili. Sahani ya tatu. Swali lililomkosesha Esteri usingizi lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa baya kuliko sumu, maana sumu hutiwa na adui.

Lakini yaliyofuata ndiyo aliyoyasimulia Esteri mpaka nywele zake zikaingia mvi. Bibi alichota maji ya maharage tu, kijiko kimoja cha mti. Akanywa yeye kwanza. Akatulia kidogo, kisha akachota cha pili, akampa mjukuu wake. Halafu akaweka mikono pajani. Wiki tatu za njaa, wiki ya nne inaingia, chungu kizima kinafuka mvuke katikati ya miguu yake, na yule mwanamke akaweka mikono pajani akatazama migomba. Esteri alikuwa amewaona watu wakifunga Kwaresima. Aliwahi kumwona padri akikataa pombe ya ndizi katika harusi, jambo ambalo si dogo. Hakuwahi kuona kitu kama mikono ile. Akapata hamu ya kupiga magoti, kwa kukosa tu la kufanya.

"Pika uji," bibi akasema. "Wa mtama, mwepesi, uone chini ya bakuli. Na unitafutie mawe."

Basi wakapanga mawe uani, mstari mmoja, pale kivuli cha nguzo ya kibanda kilipokuwa kikipita. Mvua ilikuwa ikinyesha alfajiri na mchana jua likatoka, kwa hiyo kivuli kilifanya kazi yake. Kikifika kwenye jiwe, kijiko kimoja. Kikifika jiwe linalofuata, kingine. Siku ya pili vikawa viwili kwa kila jiwe. Venanti, mtu wa methali, akasema haba na haba hujaza kibaba. Mkewe akamwambia anyamaze akalete kuni.

Kila mara, kabla ya kijiko cha mgeni, bibi alisema, "Onja, mama."

"Si nimeonja asubuhi, bibi? Ni uji ule ule."

"Mwenyeji hajaonja, mgeni hali."

Esteri akaonja. Na bibi akamtazama koo, kila mara, kwa makini ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akanywa yeye, akangoja, ndipo akampa mjukuu.

Kwa kuonja hivyo kutwa, kijiko baada ya kijiko, Esteri alipatwa na jambo la ajabu. Alikuwa amekunywa uji maisha yake yote bila kujua uji una ladha ngapi. Kulikuwa na moshi ndani yake, na chumvi iliyokuja nyuma, na utamu mdogo wa mtama uliokaa kwenye ulimi kama mtu asiye na haraka. Kijiko kimoja! Jioni alipoketi na Venanti kula ugali wao, alimega tonge la tatu akagundua kwamba njaa imekwisha. Alilitazama tonge la nne mkononi. Miaka yote hiyo lilikuwa likienda wapi? Alilirudisha sahanini, na Venanti akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Bibi alijilaza kivulini, kitambaa usoni. Ininahazwe alikuwa amepata nguvu, lakini zilikuwa nguvu za kuijua njaa yake sawasawa. Siku mbili za kwanza hakuweza hata kuomba. Sasa aliweza.

"Mama, nipe kidogo."

"Kivuli bado, mwanangu."

"Kidogo tu. Bibi nyogokuru amelala. Hataona."

Chungu kilikuwa kimejaa. Esteri alikuwa amekijaza mwenyewe asubuhi kwa mazoea, maana mkono uliozoea kujaza haufundishiki kwa siku tatu. Upawa ulikuwa hapo. Kivuli kilibakiza upana wa kiganja kufika kwenye jiwe. Kila kilichokuwa kizuri ndani ya Esteri, kila kilichomfanya awe Esteri wa Mabamba, kilimwambia mpe.

"Mchoyo!" Ininahazwe akapiga kelele kwa Kirundi, na Kirundi na Kiha cha pale Mabamba ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo waliokuwa wakitoka sokoni njiani walisikia vizuri. "Ana chungu kizima, ananinyima! Tazameni! Mchoyo!"

Watu wakasimama kwenye ua, wanawake wenye vikapu na mzee Sylvesta katikati yao. Mchoyo. Neno hilo halikuwahi kutajwa mtaa ule pamoja na jina la Esteri. Angeliitwa mchawi angevumilia, tena alikuwa ameshaanza kulizoea.

"Esteri," Sylvesta akaita, "mpe mtoto chakula. Watu wanaona."

"Waone."

Alifunika chungu, akakaa mbele yake, akakishika kifuniko nyuma ya mgongo kwa mikono miwili. Msichana alitambaa mpaka kwake akampiga ngumi kifuani, ngumi zisizo na uzito hata kidogo, na kwa kuwa hazikuwa na uzito zilimuuma zaidi. Esteri alilia kwa sauti, mbele ya soko zima, akikitazama kivuli. Hakujua kama kuna jambo zito zaidi duniani kuliko kumnyima chakula mtu unayetaka aishi. Kivuli kilikwenda kwa mwendo wake. Hakina habari na mtu.

Kilipogusa jiwe, alifunua chungu. Akaonja, machozi yakaingia katika kijiko. Akampa Ininahazwe viwili, akafunika. Msichana alimeza, akahema, kisha akalala pale pale, kichwa juu ya paja la Esteri. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Sylvesta alibaki amesimama kwenye ua, kofia mkononi, mpaka kivuli kikafika jiwe la pili. Kisha akaenda zake.

Siku ya tano alirudi. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne waliovuka usiku, mifupa mitupu. "Esteri," akasema, na safari hii hakukohoa, "walishe hawa kama ulivyomlisha yule." Kisha akaketi kwenye kigoda akaomba chai, akainywa mpaka majani.

Siku ya saba Ininahazwe alisimama. Alichukua kibuyu akaenda kisimani peke yake, akarudi anachechemea, maji yanamwagika, anacheka. Bibi Niyonsaba alipomwona akipanda njia na kibuyu kichwani alijifunika uso kwa viganja. Adhuhuri Esteri alipika ugali, mdogo, wa ukubwa wa ngumi mbili, na mlenda wa kuuteremsha. Aliuweka mbele ya bibi kibandani, msichana akiwa bado anajimwagia maji nyuma ya nyumba. Akachukua kijiko cha mti ili aonje, na mkono ukakataa.

"Bibi. Yule mtu uliyeniuliza siku ile."

"Fimbo yake iko nyuma ya mlango wako," bibi akasema. "Ule waya nilizungusha mimi."

Esteri akageuka kuutazama mlango. "Uliiona lini?"

"Siku ya kwanza. Nilikuwa sijakaa."

"Basi sikiliza yote, halafu unilaani." Akamweleza. Sahani ya kwanza, mkono pajani, urakoze mama. Sahani ya pili. Ya tatu. "Alisema ameshiba, bibi. Alisema kwa kinywa chake. Mimi ndiye niliyemwongeza. Nilicheka, nikamwongeza."

Bibi alitazama migomba. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Kule mtoni walituambia," akasema hatimaye. "Nyumba ya kwanza msile, mna sumu, kuna mtu amefia pale. Lakini mtoto asingefika nyumba ya pili. Ndiyo maana nikakwambia uonje, na mimi nikala kabla yake. Siku ya kwanza nilikutazama koo. Siku ya pili nikakutazama macho. Siku ya tatu..." Akagusa kitambaa chake. "Siku ya tatu sikuwa nimelala, mama. Nilikuwa nakuona kupitia kitambaa. Nikasema, Ee Imana, Mungu wangu, acha nimwone mwanamke huyu asipoonwa na mimi. Ukakikalia kile chungu, watu wanakutukana, unalia. Hapo nikajua mwanangu alikufaje. Alipendwa na mtu asiyejua kupima."

Esteri alikitazama kijiko mkononi. Mwanamke huyu alikuwa na kifo cha mwanawe kifuani, tangu mlangoni, na bado kila kivuli kilipofika kwenye jiwe alikuwa akifungua kinywa na kupokea kijiko kutoka katika mkono ule ule. Siku saba. Vijiko vingapi hivyo? Esteri aliogopa kuhesabu.

"Na mtoto?" akanong'ona.

"Nitamwambia mimi, akipata nguvu za kulia. Bado hana. Utatuonyesha kaburi jioni moja, si leo."

Kisha bibi Niyonsaba akaunyoosha mkono wake mkavu, akakichukua kijiko cha mti kutoka vidoleni mwa Esteri. Akakata kipande kidogo cha ugali, akakichovya katika mlenda, akala yeye kwanza, akimeza taratibu, kichwa amekiinua ili mwenye nyumba alione koo likishuka. Halafu akakata kingine, sawa na kile, akakipeleka kinywani mwa Esteri kama mwenyeji amlishavyo mgeni aliyetoka mbali.

Esteri alifungua kinywa, akapokea.

"Basi," bibi akasema, akakiweka kijiko chini. "Kingine kivuli kikifika."